Nimeangalia video nyingi za programu na elektroniki, mbona peke yangu siwezi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 22, nimemaliza kidato cha sita na niko nyumbani Morogoro. Tangu mwaka jana najifunza lugha ya programu ya Python na bodi ndogo za kompyuta za Arduino kwa video za bure, nina laptopu ya zamani na simu. Nikiwa naangalia naelewa kila kitu, na nikifuata hatua kwa hatua kifaa kinafanya kazi. Nikifunga video nikajaribu jambo langu mwenyewe, nakwama mstari wa kwanza. Nataka kumtengenezea mama mashine ya kutotolesha vifaranga, maana anafuga kuku wa kienyeji. Ni kozi gani ya bure itakayonifikisha? Na kuna faida gani kusoma hivi bila cheti?"

Marahaba, mdogo wangu.

Kozi ya kukufikisha huenda umeshaipita njiani. Anayefundisha kwenye video huwa amekwisha kuamua mambo yote kabla hajawasha kamera: bodi ipi, rezista ya kiasi gani, pini namba ngapi, hesabu ifanyike wapi. Makosa aliyoyapata wakati wa kuandaa somo ameyakata, hayaonekani. Wewe umebakiwa na kazi ya kunakili, na kunakili kunakupa raha ya kuelewa kwa sababu kila hatua ukishaonyeshwa inaonekana ina maana. Ila kazi yenyewe ya programu ni kuamua nini kifuate wakati hakuna aliyekuonyesha, na kazi yenyewe ya elektroniki ni kutafuta kwa nini kitu kilichotakiwa kuwaka hakiwaki. Hayo hayaingii kwa kutazama. Kwa hiyo usitafute video nyingine kwanza. Badili unavyozitumia hizo ulizonazo.

Nafurahi una kitu unachokitaka, maana wengi wanaoniuliza hawana. Tuifanye mashine ya mama iwe ndiyo mtaala wako.

Kwanza, weka Python kando kwa sasa. Si kwamba ni mbaya, utairudia. Lakini Arduino Uno inaandikiwa programu kwa lugha ya C++, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu. Python ya kompyuta haiwezi kukaa humo. Iko MicroPython, yaani Python iliyopunguzwa, inayokaa kwenye bodi kama ESP32 au Raspberry Pi Pico, ila kama una Uno tayari usinunue kingine. Kujifunza lugha mbili kwa pamoja kabla hata moja haijakaa mkononi ndiko kunakokufanya ukwame mstari wa kwanza: hujui hata uanze na alama gani. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakusomea elektroniki, kwa hiyo imetengenezwa kwa mtu wa aina yako.

Fungua programu ya Arduino kwenye laptopu. Ndani yake kuna mifano iliyokuja nayo, na wa kwanza ni Blink, wa kuwasha na kuzima taa ndogo iliyoko kwenye bodi. Najua umeshaufanya. Ufanye tena hivi: usome, uufunge, kisha uuandike wote kwa kichwa kwenye ukurasa mtupu. Ukikosea, soma ujumbe wa kosa wenyewe kabla ya kurudi kwenye mfano. Ukifaulu, hamishia kwenye LED (taa ndogo ya elektroniki) nyekundu yako mwenyewe, pini namba 8, na rezista, kile kifaa kinachozuia mkondo usizidi, uichague kwa hesabu. Bodi inatoa volti 5. LED nyekundu inakula karibu volti 2. Zinabaki 3. Ukitaka ipite miliampea 15, gawanya 3 kwa 0.015, unapata omu 200. Rezista ya karibu utakayoipata dukani ni ya 220, yenye mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Pini moja ya Uno inashauriwa isizidi miliampea 20, na 40 ndiyo kikomo cha kuiharibu. Hesabu hii ni ya kidato cha pili, lakini nimeona watu waliotengeneza vifaa vingi kwa kufuata video ambao hawajawahi kuifanya hata mara moja. Kila mara waliambiwa tu "weka 220".

Sasa zoezi ambalo ningependa likutese kidogo. Weka LED mbili. Moja iwake na kuzima kila nusu sekunde, nyingine kila sekunde 0.7, kila moja na mwendo wake. Utajaribu kwa delay, kama Blink inavyofanya, na haitakubali. Delay inaisimamisha programu nzima. Wakati inasubiri LED ya kwanza, ya pili haihudumiwi. Usikimbilie kutafuta jibu. Kaa nalo jioni nzima, chora kwenye karatasi sekunde zinavyokwenda na kila taa inatakiwa ifanye nini lini. Ukishachoka kihalali, ndipo fungua mfano mwingine uliomo humo humo unaoitwa BlinkWithoutDelay. Utakutana na millis, inayokuambia milisekunde ngapi zimepita tangu bodi iwashwe. Badala ya kusubiri, programu inapita haraka haraka ikiuliza kila taa: muda wako umefika? Bado? Basi naendelea.

Na hapo kuna shimo moja. Ukiuhifadhi muda huo kwenye kigeu (mahali programu inapoweka namba) cha aina ya int, kwenye Uno mwisho wake ni 32,767. Programu itakwenda vizuri sekunde 32 na kidogo, kisha taa zitaanza kufanya vituko. Ndiyo maana mfano unatumia unsigned long, ambayo inafika karibu siku 50 kabla ya kuanza upya sifuri. Nakushauri ukosee makusudi: weka int, subiri, uone mwenyewe. Utakapokuja kuliona kosa la aina hii kwenye mashine ya mama, utalitambua.

Fanya hivyo kwa kila somo la bure unalolichukua. Lifuate mara moja, lirudie bila kuangalia, kisha badili kitu ambacho mwalimu hakukibadili, na mwisho haribu kitu kimoja kwa hiari yako uone kosa linatokea kwa sura gani. Somo la dakika 20 litakuchukua siku mbili. Ni sawa.

Tuje kwenye mashine. Yai la kuku linahitaji siku 21, na kwenye mashine yenye feni joto linatakiwa likae nyuzi 37.5 za Selsiasi. Kuzidi ni hatari kuliko kupungua: vifaranga vilivyopata baridi kidogo vinaweza kuchelewa, vilivyochemka vinafia ndani. Sasa tazama video nyingi za mashine hizi: zinatumia DHT11, ile sensa ndogo ya bluu. Ukifungua datashiti yake, yaani karatasi ya kiwanda inayoeleza kifaa, utakuta inaruhusiwa kukosea nyuzi 2 juu au chini. Maana yake ikikuonyesha 37, ukweli unaweza kuwa 35 au 39. Aliyetengeneza video alikuwa anaonyesha namna ya kusoma sensa, hakuwa na mayai ndani. DHT22, ile nyeupe, ina kosa la nusu nyuzi. DS18B20 nayo ni nusu nyuzi, na inapatikana ikiwa ndani ya bomba la chuma lisiloingiza maji. Ningechukua hiyo ya mwisho kwa joto, kwa sababu unaweza kuitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa kutoka duka la dawa, ukikoroga, na kulinganisha. Ikitofautiana kwa nyuzi 0.4, unaongeza au kupunguza 0.4 ndani ya programu. Usisahau rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wake wa data na ule wa volti 5, bila hiyo hautasoma kitu.

Hata mtu asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kujizoeza kusoma datashiti. Tafuta jedwali, tafuta volti, tafuta ampea, tafuta alama ya kujumlisha na kutoa. Mengine utayaelewa baadaye.

Kisha maamuzi ya programu. Ukiandika "joto likiwa chini ya 37.5 washa, likizidi zima", relei, yaani swichi ya umeme inayowasha taa ya kupasha joto, italia ta-ta-ta-ta joto likicheza hapo hapo, na vidole vyake vya ndani vitaungua mapema. Weka pengo: washa likishuka chini ya 37.3, zima likipita 37.7, katikati usiguse kitu. Hilo utalipata kwenye masomo mengine. Nisichokiona kwenye masomo mengi ni hiki: waya wa DS18B20 ukichomoka, maktaba (programu iliyokwisha kuandikwa na wengine) inayotumika sana kuisoma inakurudishia namba -127. Programu yako itaona -127, itasema ni baridi kali, itawasha taa, na haitaizima kamwe. Mayai yote yatachemka kwa sababu ya waya mmoja uliolegea, na programu itakuwa imetii kila ulichoiambia. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha joto na kitu chochote, uliza kwanza kama namba yenyewe inaingia akilini. Ikiwa chini ya 10 au juu ya 50, zima taa, piga kengele. Mistari minne tu, lakini ni ya mtu aliyejiuliza "hiki kikiharibika itakuwaje?" Jizoeze kujiuliza swali hilo kwa kila waya.

Relei usiiunge moja kwa moja kwenye pini. Koili ya zile za bluu za volti 5 inakula karibu miliampea 70, na nimekwisha kukuambia kikomo cha pini. Nunua iliyokwisha kuwekwa kwenye bodi ndogo yake pamoja na transista na dayodi za kuilinda pini. Nyingi kati ya hizo zinawaka ukiziambia LOW (volti 0) na kuzimika ukiziambia HIGH (volti 5), kinyume na unavyotarajia. Wengi wanafikiri wamekosea kuunga waya.

Na sasa nisikilize vizuri. Usianze na umeme wa nyumbani. Volti 230 haimsubiri anayejifunza. Nenda duka la spea za magari, nunua balbu za breki za volti 12, wati 21. Moja inakula karibu ampea 1.75, na kwa boksi dogo lililozibwa vizuri kwa maboya ya kufungashia televisheni, balbu mbili zinaweza kutosha, jaribu upime. Utakuwa na joto bila hatari ya kurushwa, na betri ya gari au ya sola itaibeba mashine umeme ukikatika, jambo litakalotokea ndani ya siku 21, tusidanganyane. Ampea 1.75 bado zinaunguza waya mwembamba, kwa hiyo weka fyuzi na waya mnene. Siku mashine ikikua hadi kuhitaji 230, tafuta fundi umeme mwenye leseni aifunge sehemu hiyo ukiwa pembeni unatazama.

Nikwambie na ukweli mwingine, maana mama yako ana haki yake. Zipo bodi ndogo za kudhibiti joto zilizokwisha kutengenezwa, W1209 ni mojawapo, za bei ndogo kuliko Arduino, zina sensa na relei yake. Mama akihitaji vifaranga mwezi huu, nunua hiyo. Yako endelea nayo kwa kujifunza, na ikikamilika W1209 iwe mlinzi: iweke ikate umeme wa balbu joto likifika 38.5 hata kama programu yako imeganda.

Kuhusu kozi, nitakutajia chache, uchague moja ya programu na moja ya elektroniki, basi. Kwa programu, CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard anayofundisha David Malan ni ya bure yote. Inaanza na Scratch kisha inaingia C, ambayo ni ndugu wa lugha ya Arduino. Mazoezi yake ni magumu na ndiyo sababu ya kuipendekeza: yanakuacha peke yako. freeCodeCamp ni nzuri pia, lakini imeelemea zaidi kwenye tovuti. Kwa elektroniki, kuna kitabu cha bure kwenye tovuti ya All About Circuits, na Khan Academy wana masomo ya uhandisi wa umeme. Mimi ningeanza na kitabu. Maandishi hayali bando kama video, unasoma kwa mwendo wako, na huwezi kuyaangalia huku unasinzia ukadhani umesoma.

Kabla hujanunua kitu, tumia vifaa vya kuigiza saketi kwenye kivinjari. Tinkercad Circuits ina Arduino, bredibodi (ubao wa kuungia vifaa bila kulehemu) na mita ya kupimia umeme, na ukiunga LED bila rezista inakuonyesha imepasuka. Wokwi ni nzuri zaidi ukianza ESP32. Ile ya Paul Falstad haina Arduino, ila inakuonyesha mkondo kama nukta za njano zikitembea kwenye waya. Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, niliyokuwa nawaeleza wanafunzi kwa kipindi kizima, pale wanaielewa kwa kutazama nukta zikipungua mwendo. Na bando likikusumbua, tafuta Kiwix: unapakua mara moja, kwenye Wi-Fi ya watu, Wikipedia na majibu ya Stack Exchange, kisha unasoma nyumbani bila intaneti. Mifano ya Arduino yenyewe iko tayari ndani ya laptopu yako.

Ukienda Kariakoo, au Luthuli kwa wasomaji wa Nairobi, nunua mita kabla ya sensa. Ya bei ya chini inatosha. Asiye na mita anabahatisha. Bodi za bei nafuu nyingi zina chipu ya CH340 na kompyuta inaweza kukataa kuziona mpaka uweke draiva yake, yaani programu ya kuitambua. Kabla hujailaumu bodi, badilisha kebo ya USB. Zipo kebo nyingi za kuchajia tu ambazo hazina waya wa data ndani.

Kuna mwalimu mwingine wa bure ambaye hayumo mtandaoni, naye ni fundi redio au fundi simu wa mtaani kwako. Muombe ukae naye mchana mmoja kwa wiki. Kulehemu hakufundishiki kwa video. Unahitaji mtu akuone mkono, akuambie ncha ya pasi ni chafu, umeweka risasi kabla chuma hakijapata joto. Atakupa na bodi mbovu za kufungulia rezista na transista. Ila chaja na bodi za ndani ya televisheni usizishike ovyo hata zikiwa zimechomolewa: umeme wa 230 ukishanyooshwa (kugeuzwa uwe wa mwelekeo mmoja), kapasita kubwa hubaki na karibu volti 325. Mwache fundi akuonyeshe namna ya kuzitoa chaji.

Ukikwama, na utakwama, andika swali lako kikamilifu: ulitarajia nini, kimetokea nini, ujumbe wa kosa neno kwa neno, programu yote, na picha ya waya ikionekana vizuri. Mara nyingi utapata jibu kabla hujamaliza kuandika. Programu za akili bandia za kuuliza maswali nazo ni msaada, ziulize "mstari huu unafanya nini" au "kwa nini nimepata kosa hili". Usiziambie zikuandikie mashine nzima. Utakuwa umerudi kule kule kunakili, safari hii bila hata mwalimu aliyewahi kushika mita.

Cheti. CS50 wenyewe wanatoa cha bure ukimaliza kazi zote. Kinacholipiwa ni kile kilichothibitishwa na edX, tovuti ya kozi za mtandaoni. Kichukue, hakina hasara. Kwa ajira ya ofisi au kazi ya umeme wa majumbani utahitaji cheti rasmi, na vyuo vya ufundi vya VETA ni njia nzuri ya kuifikiria mwakani. Kwa mtu anayetaka kukupa kazi ya kumfungia pampu au taa, mashine inayofanya kazi na daftari linaloonyesha ulivyoitengeneza vitamshawishi kuliko karatasi. Kwa hiyo anza daftari leo. Andika kwa Kiswahili, chora saketi kwa mkono, na kila kosa liandikie sababu yake.

Mashine ikifika mahali pa kujaribiwa, usiweke mayai. Weka chupa za maji zenye ujazo unaolingana na mayai, kwa sababu boksi tupu linapoa na kupata joto haraka kuliko lililojaa. Iache iende siku tatu mfululizo, usiku ikiwemo, ukirekodi joto kila saa. Siku ya pili chomoa waya wa sensa makusudi uone kama kengele inapiga na balbu zinazima. Zima umeme nusu saa uone betri inapokea. Joto likicheza zaidi ya nusu nyuzi kutoka 37.5, niandikie tena ukiambatanisha namba za daftari na programu yote, tutaangalia pamoja feni umeiweka wapi.